Vyuma vya Gari la Mama Anna

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za stoo, na vijana wa gereji wakanipa soda na saa ya ukutani. Saa ni zawadi ya ajabu kumpa mtu ambaye hana tena haja ya kujua ni saa ngapi, lakini nimeitundika sebuleni na inatembea. Walichoniomba ni kitu kingine: niwaandikie habari za vyuma vya kukazia bodi. Siku hizi wateja wanakuja na picha kwenye simu, wanaonyesha baa nyekundu inayong'aa chini ya boneti, nao vijana wanaifunga na kumwambia mteja kwamba gari sasa limekuwa gumu. Nimekubali kuandika. Habari za kupanda vyeo sitazigusa, maana gereji yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, Mzee na wengine wote. Nitakaa zaidi kwenye gari moja, kwa sababu mengi ninayoyajua kuhusu vyuma hivyo nilijifunza kwenye gari hilo.

Siku yangu ya kwanza pale Ngarenaro sikushika hata spana. Mwenye gereji, Mzee Massawe, alikuwa Mchaga wa Marangu aliyehamia Arusha akiwa kijana, mtu mfupi aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Alinipeleka kwenye gari lililoegeshwa uani, akaniambia nifungue mlango na kuufunga.

"Unasikia nini?" akaniuliza.

"Nasikia mlango, Mzee."

"Endelea."

Niliendelea mpaka jua likahamia upande wa pili wa ua. Nilidhani ananifanyia mzaha wa kumpokea mgeni, na moyoni nilikuwa nimeshakasirika. Jioni ndipo aliponieleza. Bawaba ikichoka, mlango unashuka ukiufungua, inabidi uunyanyue kidogo ndipo ufunge. Bodi ikichoka, bawaba zinaweza kuwa mpya kabisa na mlango bado ukagoma, kwa sababu shimo lenyewe la mlango limepinda. Wateja wengi, alisema, wanabadilisha bawaba, kisha wanabadilisha kitasa, kisha wanabadilisha fundi.

Kazi kubwa ya gereji miaka ile ilikuwa magari ya watalii. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara binafsi zilipoachiwa, na kila aliyekuwa na shemeji mwenye mtaji alikuwa anafungua kampuni ya kupeleka wageni mbugani, na magari yalikuja kwetu kukatwa katikati, kurefushwa na kutobolewa paa ili mgeni asimame amwangalie simba. Gari la namna hiyo lina chasisi, yaani mihimili miwili ya chuma iliyolala chini, na bodi imewekwa juu yake kama godoro juu ya chaga. Ukilirefusha, unaongeza chuma. Likipasuka, unaongeza chuma. Mafundi wa Arusha wote tulikuwa na jibu hilo moja, na kwa magari yale lilikuwa jibu sahihi kiasi cha kututosha.

Kisha yakaanza kuingia magari madogo ya Kijapani, yaliyokwisha kutumiwa huko kwao. Yale hayana chasisi. Bodi yenyewe ndiyo mfupa, mabati membamba yaliyokunjwa na kuunganishwa. Mzee Massawe alitufundisha kwa debe la biskuti. Likiwa na mfuniko, jaribu kulisokota, huwezi. Toa mfuniko, linasokoteka mikononi mwako. Milango, buti na vioo vya gari ni mifuniko iliyotolewa, na kila mahali ulipotoboa shimo kubwa, gari linapenda kujisokotea hapo.

Mtu aliyetulazimisha kulielewa debe hilo vizuri aliitwa Elisante. Alikuwa dereva wa kiwanda kimoja cha serikali kilichofungwa, na tangu kifungwe hakuwa amepata kazi nyingine ya maana. Jumapili, baada ya ibada, alikuwa anashindana. Watu kadhaa wapenda mwendo walipanga mapipa na matairi chakavu kwenye uwanda mmoja upande wa Terrat, wakatengeneza njia ya kupindapinda, na kila dereva aliipita peke yake huku mtu akishika saa. Hapakuwa na zawadi ya kusimulia. Ila palikuwa na kipaza sauti, na anayeshika nafasi ya kwanza alitajwa kwa jina lake na la baba yake. Elisante alitajwa mara nyingi. Nilimwona mara moja akitajwa. Alisimama wima kama anaimbiwa wimbo wa taifa.

Gari, hata hivyo, halikuwa lake. Lilikuwa la mkewe, Mama Anna, ambaye naye alipunguzwa kazini serikalini, akalinunua kwa kiinua mgongo chake ili aendelee na kazi yake kwa kujitegemea. Kazi hiyo ilikuwa kupandisha ng'ombe bila dume. Mbegu zinakaa kwenye mirija myembamba, na mirija inakaa ndani ya mtungi wenye naitrojeni, maji yenye baridi ya kutisha yanayotoa moshi mweupe ukifungua kifuniko. Mtungi ule ulisimama nyuma ya kiti cha dereva, kiti cha nyuma kikiwa kimeng'olewa. Alizunguka nao kuanzia Tengeru hadi mashamba ya juu ya Akheri. Ng'ombe akiwa kwenye joto hasubiri, na mkulima aliyeitwa Mama Anna akachelewa anarudi kwa jirani mwenye dume, na huenda asimwite tena.

Elisante alikuja kwetu kwanza akilalamikia milango. Jumapili anashindana vizuri, Jumatatu milango ya nyuma haifungi, Mama Anna anaifunga kwa kamba. Alikuwa ameshapita gereji nyingine, na huko walimfanyia kile ambacho fundi yeyote wa Arusha angemfanyia: walimchomelea engo nene, vyuma vya pembe, chini ya gari, mbili, kutoka mbele hadi nyuma, kama analipeleka mbugani na wageni wanane. Gari likawa zito, likawa linachelewa kwenye kona, na bati likapasuka hasa pale engo zilipoishia. Chukueni hilo kwanza. Ukikaza sehemu moja tu ya bati jembamba, kupinda hakuondoki. Kunahamia mahali ugumu unapokwisha.

"Nani amelifanya trekta?" Mzee aliuliza akiwa amelala chini ya gari.

"Fundi mmoja, Mzee. Alisema litadumu."

"Litadumu. Trekta zinadumu."

Tulitumia muda mrefu kuzikata zile engo na kuziba nyufa. Kisha Elisante akatoa mfukoni ukurasa wa gazeti la magari kutoka Nairobi, umekunjwa hadi umeanza kuchanika. Ulikuwa na picha ya baa iliyounganisha vichwa vya shokapu za mbele, kushoto na kulia, juu ya injini. Alitaka hiyo. Mzee hakubishana. Aliniambia niitengeneze ya bomba jepesi, nifunge kwa bolti, nisichomelee chochote, halafu tulipime gari.

Kupima kwake ndiko nataka vijana mkushike, kwa sababu hakuhitaji mashine. Gari lisimame mahali tambarare. Unaweka jeki chini ya kona moja ya mbele, unanyanyua mpaka tairi liache ardhi. Sasa bodi inasokotwa na uzito wake yenyewe. Nenda kwenye mlango, chukua njiti ya kiberiti, ipitishe kwenye mwanya kati ya mlango na fremu, kuzunguka pande zote. Panapobana, weka alama ya chaki. Shusha, funga chuma unachotaka kukijaribu, nyanyua tena, pitisha njiti. Chuma kinachostahili kukaa ni kile kinachofanya njiti ipite. Mengine ni mapambo.

Baa ya mbele ilibadilisha kidogo sana. Usukani ungekuwa mkali kuliko awali, jambo ambalo dereva analisikia mikononi na kulipenda, lakini njiti bado ilikwama juu ya mlango wa nyuma. Tukajaribu chuma cha chini, kinachounganisha mikono ya magurudumu ya mbele. Kikasaidia. Tukajaribu bomba la kulala sakafuni kutoka kizingiti cha mlango huu hadi cha ule. Likasaidia zaidi. Hatimaye Mzee akasema tufunge msalaba nyuma ya viti vya mbele, mabomba mawili yanayopishana, kutoka sakafuni hadi juu karibu na paa. Tuliponyanyua jeki safari hiyo, njiti ilipita mlango mzima bila kugusa. Elisante aliichukua mkononi mwangu akaipitisha mwenyewe, kisha akacheka peke yake.

Mama Anna alifika wakati huo, na gauni lake la kazini na viatu vya mpira. Alimsalimia Mzee shikamoo, akanisalimia na mimi, akaangalia ndani ya gari.

"Na mtungi wangu unakaa wapi?" akauliza.

Sote tuliangalia nyuma ya kiti cha dereva. Msalaba ulikuwa umepita pale pale.

"Utakaa mbele, Mama Anna," Elisante akasema. "Kwenye kiti. Tutaufunga mkanda."

"Mtungi haukai kwenye kiti, Baba Anna. Kiti kina sponji. Unajua ukiinama kinachotokea."

"Basi tutautoa msalaba kila Jumapili jioni. Ni bolti tu. Si ndiyo, Mzee?"

Mzee alisema ni bolti tu, ndiyo. Alisema pia kwamba bolti inayofunguliwa na kufungwa kila wiki kwenye bati jembamba inapanua tundu lake, kwa hiyo tutaweka bamba nene chini ya kila moja, lenye ukubwa wa kiganja, ili mzigo usambae. Hilo tulilifanya, na nawaambia fanyeni hivyo daima. Mama Anna alisikiliza yote. Akauliza nani atakuwa anautoa. Elisante akasema yeye. Aliahidi mbele yetu, na nadhani alimaanisha.

Kwa muda ilikwenda vizuri. Jumamosi alifunga, Jumapili alishindana, jioni akafungua. Milango ilifunga. Jina lake lilisikika Terrat hadi watu wa mjini wakaanza kuuliza ni nani. Alipopita gereji alikuwa anatembea tofauti, nami nilifurahi, maana ningelipenda kuona kila mtu aliyefungiwa kiwanda akitembea vile.

Sasa, mshindani yeyote anapunguza uzito. Anatoa tairi la akiba, anatoa jeki, anatoa boksi la spana, anamwachia rafiki pembeni ya uwanja. Jumapili moja Elisante alishinda kwa tofauti ambayo haikuwahi kuonekana pale, watu wakambeba, na rafiki mwenye boksi la spana akaondoka nalo kwenye gari lake mwenyewe kwenda Moshi. Elisante alifika nyumbani na msalaba ndani ya gari bila cha kuufungulia. Alimwambia mkewe kwamba asubuhi angeazima spana.

Asubuhi, kabla hajarudi na spana, alikuja mtu kutoka Akheri. Ng'ombe wa mama mmoja alikuwa kwenye joto tangu jana yake jioni. Mama Anna hakuwa na nafasi ya kusubiri. Aliuweka mtungi kwenye kiti cha mbele, akaufunga mkanda, akaongezea kanga, akaondoka taratibu. Kwenye mteremko mbuzi wakakatiza barabara. Alikanyaga breki. Mtungi ukapita chini ya mkanda, ukaanguka ubavu, kifuniko kikatoka. Gari likajaa moshi mweupe. Alifungua mlango akatoka, akakaa kwenye majani pembeni ya barabara akiutazama moshi ukitoka madirishani, kwa sababu kuingia kuuinua mtungi kungemuunguza mikono na kumkata pumzi. Ulipokwisha, mtungi ulikuwa mtupu. Mbegu zikishapata joto zimekufa, huwezi kuzirudisha baridini. Pale palikuwa na mbegu za wakulima wake wote wa msimu ule.

Alikuja moja kwa moja gereji. Tulidhani amekuja kwa ajili ya milango.

"Mzee, naomba spana," alisema.

Mzee alimpa, naye akaingia nyuma ya gari akaanza kufungua msalaba mwenyewe. Nilitaka kumsaidia, Mzee akanishika bega. Alikuwa analia huku anafungua, kimya kimya, na hakuacha kufungua. Alipomaliza alitusimulia. Niliuchukia msalaba ule, ingawa niliuchomelea kwa mikono yangu na ulikuwa na mishono mizuri.

Elisante alifika akiwa anahema, spana ya kuazima mkononi. Alikuwa amekwisha kusikia njiani. Aliona mabomba chini na mtungi pembeni, akasimama.

"Mama Anna, nisamehe," akasema. "Nimekwisha. Helmeti nitampa mtu. Sishindani tena."

Mimi nilidhani hayo ndiyo maneno aliyokuja kuyasikia. Mama Anna akajifuta uso kwa mkono wa gauni.

"Nani amekuambia uache?"

"Nimekumalizia kazi."

"Umeniharibia. Nitakwenda kwa kila mkulima nimweleze, na wengine hawatanisikiliza. Lakini ukiacha ile Jumapili yako, utakaa pale sebuleni unatazama ukuta, kama mwaka ule kiwanda kilipofungwa. Anna alikuwa ananiuliza kama baba anaumwa. Yale sitaki kuyaona tena. Bora hasara hii."

Elisante alikaa juu ya tairi. Sisi wengine tulijifanya tuna kazi. Mzee Massawe alimwita Mama Anna karibu na gari kama mteja aliyefika sasa hivi.

"Mama, tuchague upya. Safari hii uchague wewe. Gari hili linabeba nini?"

"Mtungi."

"Unakaa wapi?"

Aliuweka. Nyuma ya kiti cha dereva, sakafuni, umesimama. Mzee akauzungushia chaki. Akasema chuma kitaingia panapobaki.

Hapo ndipo nilipojifunza kuchagua. Siku zote tulikuwa tumeanza na swali la ni chuma gani kinakaza zaidi, na jibu lake lilikuwa msalaba, na lilikuwa jibu la kweli. Swali la kuanza nalo ni gari litabeba nini Jumatatu. Tuliacha chuma cha chini cha mbele, kwa kuwa hakimsumbui mtu. Tuliacha bomba la sakafuni kati ya vizingiti, tukalisogeza nyuma kidogo lipite nje ya duara la chaki. Baa ya juu ya injini tuliitoa. Elisante mwenyewe aliomba itoke, kwani ilikuwa uzito usiofanya kazi. Mahali pa msalaba tuliweka bomba moja tu la mlalo, chini, usawa wa nusu ya mtungi, na juu yake nikachomelea pete ya chuma bapa yenye bawaba, nikaivisha mpira wa tyubu ya tairi. Mtungi uliingia, pete ikafungwa. Mzee aliusukuma kwa bega na haukucheza.

Tulipopima, njiti ilibana kidogo kwenye kona ya juu ya mlango. Elisante aliirudia mara kadhaa.

"Nitapoteza sekunde, Mzee," alisema.

"Utazipoteza."

"Na mlango?"

"Utafunga. Kwa kusukumwa kidogo."

Akakubali. Aliendelea kushindana miaka mingine mingi na jina lake lilitajwa mara chache tu, tena akiwa wa tatu au wa nne, ambapo kipaza sauti hakimtaji baba. Wateja wakiniuliza kama vyuma vile vilikuwa bora, huwa nawaambia vilikuwa dhaifu kuliko vya kwanza na kwamba ningevifunga tena leo.

Siku ya kulichukua gari walikuja wote wawili. Mama Anna alikuwa amejaziwa naitrojeni na kupata mbegu chache za kuanzia, baada ya kuwazungukia wakulima wake kwa miguu mmoja mmoja. Tulifunga mtungi kwenye pete. Alishika mlango wa dereva, kisha akauachia.

"Baba Anna," akasema, "endesha wewe."

"Mimi? Na huo mtungi?"

"Wewe ndiye unayejua gari linateleza kabla halijateleza. Basi ujue na huu mtungi unataka kuinama saa ngapi. Mimi nitakaa nao nyuma."

Miaka yote ile Mama Anna hakuwahi kumpa usukani siku ya kazi, naye Elisante hakuwahi kuuomba, kwa kuwa aliamini kwenda polepole ni kazi ya watu wengine. Aliingia, akarekebisha kioo ili amwone mkewe na mtungi, siyo barabara. Mama Anna alikaa sakafuni, mikono miwili juu ya kifuniko. Elisante aliachia klachi taratibu kiasi kwamba sikusikia gari lilipoanza kuondoka.

"Aika, mbe," Mzee Massawe akamwambia Elisante dirishani, kumshukuru kwa Kichaga, ingawa kwa kawaida mteja ndiye anayeshukuru.

Tulisimama getini tukiwaangalia. Kwenye tuta la kwanza alisimama kabisa, akapandisha gurudumu moja, akasubiri, akapandisha la pili. Nyuma yake alikuja mtu wa baiskeli, amebeba mikungu ya ndizi kushoto na kulia, akapiga kengele. Elisante alisogea pembeni, akatoa mkono dirishani, akampisha.